Naambiwa nifungwe skrubu kiunoni kule India. Niuze shamba ao niache?

FundiKadutu
Wandugu, salamu kutoka Bukavu. Mimi ni mshonaji, nina miaka 46, mashini yangu iko pembeni ya soko la Kadutu. Kiuno kinaniuma tangu kabla ya korona. Asubuhi siwezi kuinuka moja kwa moja, lazima nigeuke ubavu kwanza kama mama mwenye mimba ya miezi tisa. Ikifika saa nne kiuno kimekaza, nasimama, nazunguka meza, narudi kukaa. Wateja wananicheka, eti fundi anacheza ngoma.

Vidonge nimemeza. Mkaba wa kiuno ninao. Sindano za farmasi nimepiga, wanachanganya diklo na deksa (diklofenaki na deksamethazoni, dawa za maumivu na uvimbe), unapona siku chache halafu unarudi palepale. Mwaka jana watoto walichanga, nikaenda Kigali kupiga IRM, ile picha ya mashini ya sumaku. Kona za Nyungwe karibu zinimalize kuliko ugonjwa wenyewe. Karatasi inasema diski, yaani mito laini kati ya pingili za mgongo, za L4-L5 na L5-S1 kule chini kiunoni, zimechakaa, moja imetokeza kidogo.

Jirani akaniunganisha na wakala anayepeleka wagonjwa India. Akatuma picha, jibu likarudi haraka: pingili zinaunganishwa kwa skrubu na vyuma, dola 7,500, tiketi na chakula cha msindikizaji si ndani. Kikao cha familia kimekaa. Yaya yangu, mkubwa wangu, anasema tuuze shamba la marehemu baba kule Walungu. Mama hajasema ndiyo wala hapana, anaangalia chini tu.

Nataka kusikia kwa mtu aliyepasuliwa, ao anayeijua kazi hiyo: nikirudi, nitakaa kwenye mashini bila maumivu? Hilo tu.

Kine_Goma
Papa Fundi, pole sana. Mimi ni kine, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, hapa Goma, migongo ndiyo inanilisha: wasukuma chukudu (zile baiskeli za mbao za mizigo), motari wa pikipiki wanaorukaruka juu ya mawe ya volkano, mama wabeba makala. Kabla ya India nijibu kwanza. Maumivu yanashuka mguuni kupita goti? Kuna mguu uliolegea, kidole gumba hakinyanyuki? Mkojo na choo kikubwa unavizuia? Sehemu unayokalia ina ganzi? Usiku unatoka jasho, kilo zinapungua, homa za jioni? Uliwahi kuanguka? Na huyo dokta aliyesema upasuliwe, alikushika mgongo ao aliangalia picha tu?

Motari_Birere
Muzee achana na mambo ya skrubu. Deksa kila mwisho wa mwezi, jioni mama akukande na maji ya moto. Mimi ndivyo ninavyoishi na pikipiki inatembea.

Kine_Goma
Kukanda mama aendelee, hakuna ubaya. Deksa kila mwezi hapana, ndugu yangu. Inapandisha sukari, inakula mifupa polepole, na diklo unayochanganya nayo inachoma tumbo na figo. Hiyo pikipiki inatembea leo.

FundiKadutu
Dada Kine, asante. Mguuni hapana, yanaishia matakoni. Nguvu ipo, kanyagio la mashini nalipiga mchana kutwa kwa miguu yote miwili. Mkojo sawa, ganzi hakuna. Jasho hapana, na kilo zimeongezeka, mke wangu ni shahidi. Sijaanguka. Dokta wa India sijamwona hata sura, wakala ndiye anaongea naye kwa WhatsApp.

Kine_Goma
Hilo kanyagio limenipa habari nyingi kuliko IRM yako. Mshipa wa fahamu uliobanwa sawasawa usingekuachia kifundo cha mguu kinachofanya kazi hivyo kutwa nzima.

Sasa nisikilize. Ile operesheni inafanya hivi: wanaingiza skrubu, mara nyingi za titani, ndani ya pingili mbili ao zaidi, wanaziunga kwa vyuma, halafu wanapanga vipande vya mfupa katikati, mara nyingine vinatolewa nyongani mwako. Skrubu kazi yake ni kushikilia tu. Kinachounganisha ni mfupa wenyewe ukiota, na huo unachukua miezi, hata mwaka. Unavuta sigara? Sigara inauchelewesha, na kuna watu haushiki kabisa. Ukishashika, ile sehemu haikunjiki tena maisha yako yote, na pingili za juu na chini yake zinabeba mzigo wake.

Kwa hiyo swali ni moja: kwako kuna kitu gani cha kufungwa? Pingili iliyoteleza juu ya nyingine na kubana mishipa, hapo naelewa. Mfupa uliovunjika na hautulii, naelewa. Uti uliopinda vibaya, ao ulioliwa na kifua kikuu mpaka ukakunjika, naelewa pia. Operesheni yenyewe ilianzia huko: 1911, New York, Hibbs na Albee waliwafanyia watu wenye kifua kikuu cha mgongo, wakati dawa zake hazijapatikana. Ndiyo maana nilikuuliza jasho na homa. Kwetu huku ugonjwa huo bado upo, na leo wengi wanapona kwa vidonge bila kisu.

Karatasi yako haisemi lolote kati ya hayo. Inasema diski zimechakaa. Papa, una miaka 46! Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo hauwaumi hata kidogo. Wenye miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa, na nusu ya wenye umri huo diski zao zilikuwa zimevimba nje. Wenye 50, asilimia 80. Ukipeleka soko lote la Kadutu kwenye ile mashini ya IRM, wakala atapata wateja mpaka achoke.

Na wagonjwa kama wewe, wa kiuno tu bila mguu, wamefuatiliwa. Uingereza walichukua watu 349 katika hospitali 15, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa mazoezi makali ya wiki tatu pamoja na mafundisho ya kutoogopa maumivu. Matokeo yalitoka 2005: baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na waliopasuliwa waliwazidi wenzao pointi 4 tu kwenye kipimo cha pointi 100. Sitaki kukuficha: Waswidi 2001 walipata kisu kimeshinda. Lakini kilishindana na tiba ya kawaida, ile ya kila mtu na bahati yake, si mazoezi yenye mpango. Waingereza wenyewe, mwongozo wao wa 2016 unawaambia madaktari wasiunganishe pingili kwa maumivu ya kiuno, isipokuwa mgonjwa akiwa ndani ya utafiti.

MwalimuIbanda
Mimi nimepasuliwa, 2019, nje ya nchi. Yangu ilikuwa L5 imeteleza juu ya S1. Sikuweza kupanda kutoka Place kwenda Nyawera, hapa Bukavu, bila kusimama na kuinama, miguu inawaka moto. Leo napanda. Nikiulizwa kama ningerudia, narudia hata kesho.

Lakini Papa Fundi umeuliza jambo lingine, kukaa. Kilichoondoka kwangu ni moto wa miguu. Kiuno chenyewe bado kinanisumbua nikisahihisha mitihani ya wanafunzi muda mrefu. Dokta aliniambia wazi kabla ya kunilaza: miguu nakuahidi, kiuno sikuahidi. Na wakala wako aseme hivyo, tumsikie.

Mambo ambayo hawaandiki kwenye karatasi ya bei: choo. Nyumbani kwetu ni cha kuchuchumaa, na miezi ya kwanza kuchuchumaa ni mateso. Ilibidi seremala anitengenezee kiti chenye tundu. Maji, nguo, kuinua mtoto, vyote vinahitaji mtu mwingine. Ngazi za udongo za kufika kwangu wakati wa mvua, binti yangu alinishika mkono hatua kwa hatua kama bibi kizee. Na ukirudi, kidonda kikitoa usaha, ao skrubu ikilegea, utamwonesha nani hapa? Yule wa India hatakujibu ujumbe. Mimi nililazimika kuvuka tena mpaka kwa ajili ya kidonda tu.

FundiKadutu
Mama Mwalimu, habari ya choo haikuwa imeniingia akilini. Chetu ni hichohicho.

Dada Kine, hayo mazoezi ninayajua, nilishafanya. Kine mmoja alinipaka mafuta, akaniwekea taa nyekundu, akanivuta miguu. Hakuna kilichobadilika.

Kine_Goma
Hayo si mazoezi, Papa, hapo wewe umelala na mwenzangu ndiye aliyetoka jasho. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kiuno sugu mwishoni mwa 2023, na kuvutwa hakumo katika yanayopendekezwa, wala mkaba. Uvue taratibu.

Nikikuona ningeanzia kwenye kiti. Unakalia nini?

FundiKadutu
Benchi la mbao, kimo cha goti ao chini yake. Meza ya mashini iko juu, naiinamia.

Kine_Goma
Basi inua benchi mpaka mapaja yasipande juu ya nyonga, na mashini uisogeze karibu na tumbo. Kukata kitambaa ufanye wima, kwenye meza ya kimo cha kiwiko. Usisubiri kiuno kikaze ndipo usimame, simama kila ukimaliza mshono mmoja mrefu. Kila siku tembea, na Bukavu mungu amewapa vilima bure. Anza na kinachowezekana, ongeza kila wiki. Halafu kuimarisha matako, tumbo na mgongo: kuinua nyonga ukiwa chali, kukaa na kusimama mara nyingi bila kushika kitu, baadaye kubeba ndoo yenye maji kidogo na kuongeza. Itauma kidogo, na kuuma huko hakumaanishi kitu kinavunjika. Miezi mitatu ya kweli, chini ya mtu anayekuhesabia. Pesa yake haifiki bei ya tiketi moja.

Siku mguu ukilegea, ao mkojo ukakataa ao ukatoka wenyewe, hapo usiulize mtandaoni, nenda hospitali usiku huohuo.

FundiKadutu
Nimemsomea yaya yote. Anasema kine anatetea kazi yake. Mama ameomba nimsomee ya Mwalimu mara ya pili.

Wakala naye amepiga simu: sasa ni dola 6,900 nikilipa nusu kabla ya Jumapili.

MwalimuIbanda
Kiuno kimepata soldi, bei imeshushwa!

Kine_Goma
Papa, mjibu kwa maandishi: dokta anaitwa nani, na ni pingili gani inayoteleza. Kisha nitumie ujumbe wa siri, Bukavu kuna mwenzangu ninayemwamini, yeye hana taa nyekundu.