Anthropolojia ya mazingira Nairobi: tuwapeleke wanafunzi Karura au Mathare?

MhadhiriMgeni:
Salamu, wanajukwaa. Muhula ujao nitafundisha anthropolojia ya mazingira, yaani jinsi watu wanavyoishi na mazingira yao, katika chuo kimoja hapa Nairobi. Silabasi niliyokabidhiwa inaanza na mwanaanthropolojia Julian Steward, inapita kwa mwenzake Roy Rappaport na utafiti wake kuhusu jamii ya Wamaring wa Papua New Guinea, kisha inaishia kwa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Sina ugomvi nao. Ila idara haina fedha za kukodi basi, na wanafunzi wengi waliokulia Kayole na Kawangware wanaamini kwamba kwao hakuna mazingira ya kuchunguza isipokuwa takataka. Kati ya Msitu wa Karura na kingo za Mto Mathare, ni wapi watajifunza kuchunguza maisha ya watu na mazingira yao, badala ya kuandika ripoti ya uchafuzi tu?

Nyika:
Mwalimu, ningeanza na Karura, kwa kuwa kila mwanafunzi atafika akidhani anakijua kisa chake. Atakueleza kwamba ardhi ilikuwa inanyakuliwa, kwamba Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti, na kwamba hatimaye msitu uliokoka. Yote ni kweli, lakini somo linaanzia hapo, maana msitu uliookolewa lazima usimamiwe, na anayeusimamia ndiye anayeamua nani aingie na kwa masharti gani. Sheria ya Misitu ya 2005 iliviruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi, na ile ya 2016 ikaendeleza utaratibu huo. Leo Karura ina uzio na ada ya kiingilio, na imepakana na mitaa ya matajiri na ya maskini vilevile. Mwanafunzi akae langoni asubuhi nzima, aandike nani analipa, nani anakuja kukimbia, nani anatafuta kuni, kisha aulize ni jamii ipi hasa inayosikilizwa katika vikao.

Wasomeshe pia kisa cha Kissidougou, Guinea. Kwa miaka mingi wataalamu walivichukulia visitu vinavyozunguka vijiji vya huko kuwa mabaki ya msitu mkubwa uliofyekwa na wenyeji. James Fairhead na Melissa Leach walilinganisha picha za angani za 1952 na picha za setilaiti za baadaye, wakawasikiliza wazee, wakabaini kwamba visitu vingi vilioteshwa na wanavijiji wenyewe. Sijui mfano bora zaidi wa kumpunguzia mtafiti kiburi.

MwanaBonde:
Kwa heshima, Nyika, Karura ni matembezi. Mimi ni mkazi wa Mathare na nimewasaidia watafiti kadhaa. Baada ya mafuriko ya masika ya 2024, serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba zikabomolewa huku kwetu na Mukuru. Tangu hapo kila anayekuja na hojaji anauliza tulivyoathirika, nasi tunajibu kile tunachodhani kitaleta msaada. Msifanye hivyo. Muulizeni mama anayeishi ukingoni anajuaje kwamba maji yatapanda, naye atawaeleza habari za rangi, harufu, taka zinazotangulia, na simu anayopigiwa na jamaa wa upande wa juu. Hiyo ni elimu ya mazingira, na haimo katika silabasi yenu. Tena msije mkiongozwa na chifu, kwa sababu aliyebomolewa nyumba hatasema kwa uhuru mbele ya mgeni aliyeletwa na serikali.

BiRidhaa:
Naunga mkono, kwa sharti moja. Kabla ya yote, kamati ya maadili ya chuo iamue kama zoezi hili linahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Halafu, msirekodi majina wala mahali hasa nyumba zilipo: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawabana, na ramani ya wakazi wa kingoni inaweza kutumiwa kuwaondoa.

MhadhiriMgeni:
Nashukuru sana. Basi wiki za kwanza tutakaa Karura tukijizoeza kutazama na kuandika, kisha Mathare, pasipo hojaji. Ndugu MwanaBonde, darasa lina wanafunzi arobaini. Je, wanaweza kuja wote?

MwanaBonde:
Arobaini ni maandamano, Mwalimu. Waje wawili wawili, kila jozi na mwenyeji wake, tena Jumapili alasiri watu wakiwa nyumbani. Na muhula ukiisha, mrudi kutusomea mlichoandika, kwa Kiswahili.