“Mlete fundi mwenyewe tuongee”: huyu wa pale kona Kariakoo leo amenivua nguo mbele za watu

Koleo_na_Testa (mwanzisha uzi)

Wadau, naandika nikiwa bado ndani ya daladala, mikono inatetemeka, herufi zikikosewa mtanivumilia. Jina simtaji, na hakuna haja. Kama umewahi kununua hata kichwa kimoja cha RJ45, kile cha ncha ya waya wa mtandao, Kariakoo basi umeshasimama mbele ya kaunta yake, ukaona ile feni iliyofungwa kamba ya katani na ile kalkuleta yenye vitufe vilivyofutika namba. Huyo huyo.

“Mlete fundi mwenyewe tuongee.”

Ndicho alichoniambia. Mimi. Mkono wa kulia nimeshika koleo la kubana vichwa, wa kushoto testa, begi la kazi mgongoni, vumbi la dari za watu bado liko kwenye kilemba. Mlete fundi mwenyewe!

Ngoja nianze mwanzo maana nikianzia hapo nitashuka kwenye gari nirudi nikamng’ate.

Wiki tatu zilizopita nilinunua kwake boksi zima la waya wa mtandao, mita 305, daraja lake Cat6 limeandikwa kubwa ubavuni. Nikamuuliza, hii kopa, yaani shaba tupu? Akaapa. “Kopa tupu dada, kopa ya kunywa na chai.” Nikalipa laki mbili na tisini, bei ya kopa, sikuomba hata apunguze nauli. Kazi ilikuwa lodge ya mama mmoja Tegeta, kamera nane za PoE. Kwa asiyejua, kamera hizo hazivutiwi umeme wa pembeni. Picha na umeme vyote vinapita kwenye waya huo huo mmoja kutoka kwenye swichi ya mtandao. Kwa hiyo waya ukiwa wa uongo, kila kitu ni uongo.

Kamera ya getini iko mita 84 kutoka kwenye swichi. Nilipima kwa futi, mwisho ni mita 100, nina nafasi ya kubaki. Nikapitisha kwenye bomba, mbali na nyaya za umeme, kona nikazikunja taratibu kama nambeba mtoto mchanga. Mchana picha safi, namba za gari unasoma ukiwa jikoni. Ikifika magharibi, zile taa za infraredi za kamera, za kuonea gizani, zinawaka zenyewe, na kamera inakufa. Inafufuka dakika mbili. Inakufa. Mpaka alfajiri.

Mama ananipigia saa mbili usiku. Saa tatu. Saa nane za usiku, naota, simu inaita: “Mwanangu, geti limepotea tena.” Nimekwenda Tegeta mara nne kwa nauli yangu. Nikabadili kamera, nikabadili vichwa, nikahamisha tundu la swichi. Geti limepotea tena. Nadhani hata majini ya Tegeta yalishaanza kunihurumia.

Safari ya nne nikakata ncha ya waya, nikatoa wembe, nikakwangua ule wa bluu. Mweupe! Mweupe kama mfuniko wa sufuria! Shaba imepakwa juu tu kama rangi ya kucha. Nikaukunja huku na huku kwa vidole mara tatu, tik, umekatika. Shaba ya kweli utaikunja mpaka uchoke wewe. Hii ni alumini iliyovishwa shaba, ile wanayoita CCA, ukinzani wake unaizidi shaba kwa zaidi ya nusu. Umeme unaondoka kwenye swichi ukiwa na afya, unafika getini umechoka. Mchana kamera inakula kidogo, inajikongoja. Usiku infraredi zikiwaka inataka kula zaidi, volti zinaporomoka, inazima. Na viwango vya kebo za mtandao vinataka shaba tupu, kwa hiyo waya huo hauna haki ya kuitwa Cat6 hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Basi leo nimekata kipande cha mita moja, nimekwenda. Pale kaunta watu kama msibani, niliwahesabu saba, wanane na yule kijana wa kubeba maboksi. Nimesalimia. Nimeuliza habari za nyumbani. Nikaweka kipande juu ya kioo, nikasema, “Kaka, hii si kopa.”

Hakukigusa. Hakukitazama hata. Alitazama BEGANI KWANGU, akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia. Alikuwa anatafuta mwanaume niliyekuja naye! Hakumwona. Ndipo akatoa sauti, kwa nguvu, watu wote wasikie:

“Dada, waya ni waya. Mlete fundi mwenyewe tuongee.”

Watu wakacheka. Kuna mzee wa kanzu alikuja kununua soketi moja, amecheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Kijana wa maboksi akaweka boksi chini ili acheke vizuri.

Fundi mwenyewe! Aliyepanda ngazi ya futi 20 kwenye dari yenye popo ni nani? Aliyelala kwa tumbo chini ya kaunta ya mapokezi kuchomoa panya mfu kwenye trunki ni mjomba wangu? Nina miaka tisa kwenye kazi hii. Angenimwagia maji ya samaki ningemsamehe. Angenitukana mama yangu tungegombana tukamaliza. Lakini kunitazama begani!

Nikakwangua waya pale pale mbele yake. Akageuza feni upande wa pili akasema bidhaa ikishakatwa hairudi. Na nikiwa nimesimama pale pale, boksi kama lile lile akamuuzia mtu mwingine, anaapa tena, kopa ya kunywa na chai.

Sasa natoa laki tatu zangu nivute waya upya, na mama wa Tegeta usiku wa leo atapiga. Lakini hela nitazipata. Hilo la begani ndilo limenikaa hapa kooni.

Mzaramo_Halisi
Pole sana mkuu. Umepigwa na kitu kizito kaka yangu.

BintiPwani
@Mzaramo_Halisi kaka wa wapi? Uzi mzima unalalamikia jambo hilo hilo na wewe unamwita kaka. Nenda kasome tena.

Mzaramo_Halisi
Samahani dada. Nilisoma kichwa cha uzi tu.

KobeMzee
Mimi sitakupa pole. Fundi gani wa miaka tisa anatoa laki mbili na tisini bila kukwangua ncha dukani? Mimi wembe unakaa kwenye pochi pamoja na kadi ya benki. Halafu uzito tu ulitosha kukuambia. Boksi la kopa ukilibeba kutoka Kariakoo hadi kituoni bega linakushtaki. Hilo lako naamini ulilining’iniza kwenye kidole kama mkate.

Koleo_na_Testa
@KobeMzee boksi lilikuwa na plastiki yake, ningelichana angesema nimeliharibu na nimelinunua. Na lililetwa na bodaboda, sikulibeba. Wembe nitautembeza kuanzia leo hata kwenye harusi, hilo umenishinda. Lakini siongelei wembe. Naongelea ALIVYONITAZAMA BEGANI.

Injinia_Msomi
Tusimlaumu muuzaji haraka. Ulifungua misokoto ya jozi za nyaya kiasi gani kwenye kichwa? Haitakiwi kuzidi milimita 13. Na rangi za nyaya ulifuata mpangilio wa A au wa B?

Koleo_na_Testa
B pande zote mbili! Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia! Niimbe? Milimita 13 hazifiki! Na misokoto inahusiana na data, haihusiani na kamera kuishiwa umeme usiku. Na wewe mlete fundi mwenyewe?

BintiPwani
😂😂😂 Injinia kazikwa bila sanda.

Mangi_wa_Sinza
Huyo jamaa namjua vizuri. Mimi aliniuzia kebo ya HDMI, ile ya kupitisha picha, ya mita 20 ya projekta ya kanisani, vichwa vya dhahabu, elfu tisini. Jumapili mchungaji anasema tutazame maneno ya wimbo ukutani, ukuta mweusi. Mara picha inakuja na vitone vyeupe kama theluji ya Kilimanjaro, mara inapotea. Kwaya wakaimba wasichokijua. Tangu siku hiyo wazee wa kanisa wananisalimia kwa mbali.

KobeMzee
Dhahabu haiongezi picha, inazuia kutu tu. HDMI ya kawaida ya shaba ikishapita kama mita 15 ni bahati nasibu, na ukitaka 4K, ile picha kali zaidi, hata hizo 15 ni nyingi. Kwa mita 20 chukua HDMI ya faiba, au vile visanduku viwili vinavyopitisha HDMI kwenye Cat6.

Mangi_wa_Sinza
Cat6 nikainunue wapi? Kwa huyo huyo?

KobeMzee
Nenda na wembe.

Sauti_ya_Mnara
Nyie mna picha zinazopotea, sisi kwetu ni mngurumo. Spika za msikiti zinatoa “mmmmmm” kutwa, imamu akinyamaza ndiyo zinaongea zenyewe. Fundi alipitisha waya wa maiki bomba moja na umeme wa viyoyozi, mita 30, kebo ya jeki ya gitaa! Nikamwambia weka XLR, ile kebo maalumu ya maiki, ina nyaya mbili za sauti, mngurumo ukiingia unaingia kwenye zote mbili sawasawa na miksa inaufuta. Akaniambia sheikh, sauti ni sauti.

Koleo_na_Testa
Umeona! Sauti ni sauti, waya ni waya! Wamesoma darasa moja hawa! Lakini wewe hata hivyo alikwambia “sheikh”, hakukwambia umlete sheikh mwenyewe.

Sauti_ya_Mnara
Dada yangu, mngurumo tunao mwaka wa pili. Wako ni wa siku moja.

Dishi_Limeyumba
Nawasoma tu nacheka. Mimi fundi wangu aliunga koaksi ya dishi katikati ya bati kwa kuviringisha nyaya kwa mkono, kama mtu anasokota ukili, akafunga na selotepu ya daftari la mtoto. Mvua ikinyesha Tanga, TV yangu inazima Gongo la Mboto. Na alichoweka ni RG59 ya kamera za zamani, dishi linataka RG6. Nikimpigia anasema yuko msibani. Amefiwa na ndugu 11 tangu Januari.

Mzaramo_Halisi
Hii ya ndugu 11 imefunga uzi kwa leo.

Mtu_wa_Remoti
Nyinyi mnalia na nyaya za mita 84. Mei 2024 kebo za intaneti za baharini EASSy na Seacom zilipokatika pamoja upande wa Afrika Kusini mimi nilikuwa katikati ya usaili wa kazi wa video, mwajiri yuko Ujerumani. Nilibaki nimeganda mdomo wazi kama samaki wa Feri. Wamempa kazi Mkenya.

Nairobi_Ndani
@Mtu_wa_Remoti hata sisi Kenya mtandao ulisumbua siku hizo hizo bana, usitusingizie. Huyo alikushinda tu.

Mtu_wa_Remoti
Mngekuwa na adabu mngerudisha hiyo kazi.

Mangi_wa_Sinza
Tukirudi kwenye mada ya HDMI, kuna mtu anataka kebo ya mita 20? Haijatumika sana. Elfu arobaini.

BintiPwani
Mangi wewe 😂

Koleo_na_Testa
Jamani mada haikuwa HDMI wala bahari. Ni saa moja na nusu sasa hivi. Mama wa Tegeta ameshapiga. Geti limepotea tena.

Injinia_Msomi
Kwa usiku wa leo ingia kwenye mpangilio wa kamera uzime infraredi, halafu mwambie awashe taa ya kawaida ya getini. Kamera itakula kidogo, haitazima. Kesho vuta waya mpya. Na nisamehe kwa lile la misokoto.

Koleo_na_Testa
Infraredi nimezima kwa simu, taa amewasha mlinzi. Geti limerudi. Asante. Lakini wewe angalau uliniuliza mimi.

Dishi_Limeyumba
Huyo mama ana vyumba lakini? Nina ndugu wanatoka Tanga Ijumaa, wanne, harusini. Bei gani?

Koleo_na_Testa
Vyumba vya feni elfu thelathini, vya AC hamsini. Chai ya asubuhi imo.

Dishi_Limeyumba
Maegesho?

Koleo_na_Testa
Gari tatu ndani ya geti. Nitumie namba yako inboksi nimpe.