Tupeane uzoefu: kuuza na kununua mtandaoni hapa Dar, kuanzia picha hadi mzigo kufika mlangoni

FremuYaJuu

Wakuu, salaam. Siku hizi mteja anaingia Kariakoo na skrinshoti mkononi. Hapiti duka hadi duka kama zamani, anakuja moja kwa moja na kuuliza: "Hii ipo? Bei si ileile ya Instagram?" Ndiyo maana fremu za ghorofa ya tatu na ya nne, zilizokuwa stoo, sasa ni maduka. Kwa mtu ambaye wateja wake wanamfuata kwa simu, kulipia kodi ya fremu inayotazama barabara kunazidi kupoteza maana.

Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, walipofunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019, wengi tulisikia wakisema biashara ya mtandaoni imeshindikana hapa. Mbona watu wanauziana kila siku? Wanauziana Instagram na WhatsApp, ila bila ghala la pamoja na bila mtu wa katikati wa kushika pesa mpaka mzigo ufike. Hilo la mwisho ndilo linalozaa karibu kero zote: mnunuzi anaogopa kutanguliza pesa, muuzaji anaogopa kutanguliza mzigo. Uzi huu ni wa kupeana namna watu wanavyovuka hapo.

Sharti moja tu. Hadithi za "mimi nilipigwa" zina uzi wake. Hapa leta hatua, hesabu, na kinachoharibika.

ChaJuu255

Mkuu, anza na mawinga, maana nusu ya kurasa za viatu na nguo ni zao. Winga hana stoo. Anapiga picha duka la mtu, anaongeza cha juu (faida yake juu ya bei ya duka), anaposti. Si utapeli, ni njia halali ya kuanza bila mtaji, lakini kamba yake hukatikia palepale kila siku: duka limeuza kipande cha mwisho saa nne asubuhi, winga anapokea pesa ya mteja saa nane.

Dawa ni kupiga simu dukani asubuhi kabla ya kuposti, na kupiga tena kabla ya kutaja namba ya malipo. Tena uliza swali ambalo mawinga wengi hawaulizi: saizi ikigoma, duka linabadilisha ndani ya siku ngapi? Duka likisema mzigo ukitoka haurudi, na wewe usiandike "tunabadilisha" kwenye ukurasa wako.

Cha juu nacho kipige kwa kufikiria boda, usitupe tu asilimia. Kiatu cha 28,000 ukiweka cha juu cha 3,000, kubadilisha saizi mara moja tu kumekula faida yote na kukudai nyingine.

Mama Wawili Tabata

Hapo kwenye saizi, naomba wauzaji mnisikilize. "Free size" si kipimo. Gauni lilaze juu ya meza, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, na urefu kutoka begani, kisha andika sentimita. Kiatu toa soli ya ndani, ipime kisigino hadi kidole. Namba ya kiatu hutofautiana kiwanda na kiwanda, soli haidanganyi. Mteja naye aambiwe asimame juu ya karatasi, achore mguu, apime jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea.

Na picha piga karibu na dirisha, asubuhi au alasiri, taa ya ndani izimwe. Taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, rangi ya maziwa inageuka krimu, na mzigo unarudishwa kwa sababu ya taa yako. Kupaka filta kwenye nguo ni kujitafutia ugomvi.

Kitonga_Mwenge

Mimi nina neno moja tu: "Bei DM", yaani bei uiulize kwa ujumbe wa faragha, iachwe. Mteja akikuta bei haipo anapita, wala hakuambii kwamba amepita.

ChaJuu255

@Kitonga_Mwenge si kila mara mkuu. Winga akiweka bei hadharani, mwenye duka la jumla anaiona, na winga mwenzake anaposti picha ileile kwa pungufu ya elfu moja. Ila nakubali kwa mwenye mzigo wake mwenyewe hakuna sababu.

Mkondo wa Kilwa Road

Nizungumzie usafirishaji, hapo ndipo faida inapovujia.

Hesabu ya lipa ukipokea. Tuseme gauni umelichukua 30,000, unaliuza 45,000, nauli ya boda 6,000 analipa mteja juu ya bei. Zimetoka oda kumi. Saba zimelipwa, faida 105,000. Tatu zimekataliwa au simu haipokelewi: boda anakudai 6,000 ya kwenda na, tuseme, 4,000 ya kurudi. Ni 10,000 kwa kila moja, jumla 30,000. Umebaki na 75,000. Yaani gauni unalojisifu linakupa 15,000 limekupa 7,500 kwa kila oda iliyotoka mlangoni.

Sasa omba nauli tu itangulie. Hata wakikataa walewale watatu, unapoteza 4,000 ya kurudi, jumla 12,000, unabaki na 93,000. Na hawatafika watatu, maana asiye na nia hatumi hata hiyo 6,000. Mteja naye hajajiweka pabaya, kwa sababu pesa kubwa bado iko mfukoni mwake mpaka ashike nguo.

Pili, panga oda kwa barabara kuu, usifuate nani aliagiza kwanza. Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta na Bunju ni mkondo mmoja. Magomeni, Ubungo, Kimara hadi Mbezi Luis ni mwingine. Tazara, Ukonga na Gongo la Mboto wa tatu. Mtoni, Mbagala na Kongowe wa nne. Kigamboni ihesabie peke yake kwa sababu kuna kivuko au daraja, na vyote vinalipiwa. Boda mmoja akibeba oda tano za mkondo mmoja, mnapatana bei ya mzunguko. Oda tano za mikondo mitano ni bodaboda watano.

Weka saa ya mwisho ya kupokea oda za siku hiyo, tuseme saa tano asubuhi, uiandike juu ya ukurasa. Mzigo unaotoka saa kumi jioni unakutana na foleni, unafika usiku, mteja amelala au mlinzi wa geti hafungui. Mvua kubwa ikinyesha usiahidi kitu upande wa Morogoro Road mpaka ujue bonde la Jangwani, linalofurika, liko vipi.

Na lokesheni. Mteja anatuma lokesheni akiwa kazini Posta, nyumbani kwake Goba. Alama ile inaonyesha simu ilipo wakati huo, haijui kwake ni wapi. Mwambie aitume akiwa nyumbani, halafu aongeze alama ya macho: jina la kituo, duka la dawa, rangi ya geti. Nyumba zenye kibao cha anwani ya makazi omba na namba, lakini usiitegemee peke yake, maboda wengi bado wanaendeshwa kwa "ukifika kwenye msikiti kata kushoto".

WakalaSinza

Malipo. Usipokee pesa ya biashara kwenye namba yako binafsi kama unaweza kupata lipa namba, yaani namba ya malipo ya biashara. Kwanza mteja anapoingiza namba anaona jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri, na likifanana na jina la ukurasa wako hofu inapungua nusu. Pili, pesa iliyotumwa kwenye namba ya kawaida mtumaji anaweza kuomba irudishwe akidai alikosea, na wakati huo mzigo umeshapanda boda.

Meseji ya muamala si pesa. Ujumbe wa kughushi unaandikwa kila kitu sawasawa, hadi kumbukumbu namba, ila umetoka kwenye namba ya simu ya mtu. Usitazame meseji, tazama salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas (ile Tigo Pesa ya zamani), *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa Halopesa. Fanya hivyo kila mara hata kwa mteja wa siku zote, kwa sababu simu ya mteja wa siku zote nayo huibwa.

Kama boda ndiye anapokea pesa mlangoni, mteja alipe kwenye lipa namba ya duka, wewe uone salio, ndipo umpigie boda aachie mzigo. Boda akianza kushika pesa taslimu za oda nne, jioni hesabu haikai.

Ile meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mnaijua wote. Isambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, halafu ifute. Na piga *106# mara mojamoja uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Jambo la pembeni kidogo, lakini linaeleza kwa nini wateja wengi bado wanashikilia noti. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 zilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja. Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye zikaendelea kupunguzwa, lakini mteja alishajifunza kuuliza "nikilipa kwa simu nakatwa ngapi?" Mjibu kwa shilingi kabla hajauliza.

Dada wa Makumbusho

Kwa upande wa mnunuzi. Ukurasa wa Instagram usioujua, gusa jina lake juu, fungua sehemu ya "kuhusu akaunti hii": utaona ulifunguliwa lini na umewahi kubadili jina mara ngapi. Ukurasa wa kuuza simu ambao jana ulikuwa wa vichekesho ulinunuliwa kwa ajili ya wafuasi wake. Tazama picha alizotajwa na watu wengine, si zile alizoposti mwenyewe. Maoni yakiwa yamefungwa kwenye kila posti, ondoka.

Kisha omba video fupi ya bidhaa ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo anaipiga muda huohuo. Asiye nao atakuambia yuko safarini.

Wauzaji nanyi, hizo skrinshoti za mazungumzo mnazoposti kama ushuhuda, zibeni jina, namba na picha ya mteja, na mumuombe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake.

FremuYaJuu

Asante dada. Nani wa WhatsApp?

Stetasi Kila Saa

Kifupi. Stetasi yako anaiona mtu ambaye mmehifadhiana namba, wewe yeye na yeye wewe. Orodha ya matangazo (broadcast list) inabeba watu 256, na meseji haimfikii asiyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ukishamuuzia mtu ni kumwambia ahifadhi namba kwa jina la duka, hapohapo anapokushukuru, kesho hatakumbuka. Tumia WhatsApp Business upate katalogi na lebo: "amelipa", "anasubiri mshahara", "badilisha saizi". Hiyo lebo ya mshahara ifungue tarehe 25 kwenda mbele. Stetasi thelathini kwa siku hakuna anayefika ya mwisho, watu wanakuzima kimyakimya.

ShippingMark_Dar

Wanaoagiza China kwa oda za kulipia mapema, sikilizeni hesabu ya kilo. Kwa ndege unalipia uzito halisi au uzito wa ukubwa, ule unaozidi. Uzito wa ukubwa ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Katoni ya 60 × 50 × 40 ni 120,000, sawa na kilo 20. Mito ya makochi ikiwa na kilo 7 humo ndani, unalipia 20. Kwa meli katoni hiyohiyo ni CBM (mita za ujazo) 0.12, ila kaa ukijua ni mwezi na nusu hadi miwili au zaidi. Mteja aliyelipa mwambie tarehe ya mbali kuliko unayoitarajia.

Betri na pawabenki hazipandi ndege na mzigo wa kawaida, muulize wakala kabla hujalipa kiwanda. Vifaa vya umeme agiza plagi ya pini tatu bapa ya Uingereza, na usome kibandiko: kilichotengenezwa kwa soko la Marekani cha volti 120 kitaungua hapa siku ya kwanza. Vipodozi, tangu Julai 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na vyenye zebaki au hydroquinone ni marufuku hata kama kopo limeandikwa "asilia".

Kitonga_Mwenge

Na mteja wa mkoani? Mwanza, Songea huko, boda hafiki.

Mkondo wa Kilwa Road

Wa mkoani analipa yote kwanza, hapo hakuna ujanja, kwa hiyo ushahidi wako uwe mzito. Funga mzigo mbele ya kamera bila kukata video, kuanzia bidhaa hadi gundi ya mwisho. Andika kwa maka peni pande mbili za boksi: jina la mpokeaji, namba zake mbili, mji na kituo atakachopokelea. Karatasi iliyobandikwa huchanika kwenye buti la basi. Peleka ofisi ya vifurushi ya basi lenyewe, si kwa mpigadebe wa stendi Mbezi. Taja thamani halisi ili iandikwe kwenye risiti, kwa sababu mzigo ukipotea fidia inaanzia kwenye karatasi hiyo. Mtumie mteja picha ya risiti, namba ya basi na simu ya ofisi ya kule anakopokelea, na mwambie aende na kitambulisho.

Vimiminika funga nailoni mbili, mfuniko uzungushiwe soltepu. Mafuta ya nazi yakimwagikia mzigo wa mtu mwingine ndani ya buti, wewe ndiye utakayepigiwa simu.