Bomba la kupoozea linatoboka kutoka ndani: ni kutu ya kawaida?

Fundi wa Changamwe
Ndugu zangu, ninasimamia mtambo wa kupoozea katika kiwanda kidogo hapa Changamwe, ambao hutumia maji ya kisima yenye chumvichumvi. Bomba la chuma tulilofunga miaka miwili tu iliyopita limetoboka mara tatu, na kila mara tundu hutokea kwenye tawi ambalo maji yake yametuama. Nilipolikata, nilikuta vivimbe vyekundu vya kutu, chini yake tope jeusi linalonuka mayai viza, na chini ya tope vishimo vya mviringo vinavyong'aa. Je, hii ni kutu ya kawaida ya pwani?

Mkemia, Likoni
Pole sana, fundi. Harufu hiyo yaelekeza kwa bakteria wa jamii ya Desulfovibrio, ambao huishi pasipo oksijeni, huvuta pumzi kwa salfeti (chumvi yenye salfa) iliyomo majini, na kutoa hidrojeni salfaidi inayoungana na chuma kuwa tope jeusi. Maji ya bahari yana takriban gramu 2.7 za salfeti kwa lita, hivyo kisima kilichoingiliwa na bahari huwa karamu kwao. Vivimbe vya juu mara nyingi hujengwa na bakteria wengine, kama vile Gallionella, ambao hula oksijeni yote na kuwaachia wenzao wa chini makao yaliyofungika. Dondoshea tope bichi asidi ya hidrokloriki, kisha shikilia juu yake karatasi ya asetati ya risasi, yaani karatasi ya kupimia yenye kemikali ya madini ya risasi: ikigeuka nyeusi, salfaidi ipo, ingawa kuwathibitisha bakteria wenyewe kunahitaji kuwaotesha maabara. Tafadhali fanyia kazi hiyo mahali penye hewa, kwa maana gesi hiyo ni sumu, na ikizidi pua huacha kuinusa.

Msimamizi wa matengenezo, Shimanzi
Nakubaliana naye, ila nakusihi usikimbilie klorini peke yake. Sisi tuliimwaga kwa miezi mingi bila faida, kwa sababu huishia juu ya utando wa ute wa bakteria na haiwafikii waliojificha chini yake. Kwanza kwangueni mabomba, kisha likateni tawi hilo lisilopitisha maji; dawa ifuate baadaye.

Fundi wa Changamwe
Shukrani sana. Tukiweka chuma kisichoshika kutu, tutasalimika?

Mkemia, Likoni
La, ndugu yangu. Hata aina ya 304, ile ya kawaida ya chuma hicho, hutobolewa, hasa kwenye maungo yaliyochomelewa, ikiwa maji yatazidi kutuama.