Naomba ushauri: nyimbo 11 za besi na piano kwa Kirusi, je, niwagawie wasikilizaji tafsiri?

Besi wa Ziwani (mleta uzi): Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya nne, yaani besi, hapa Mwanza, na mwezi ujao natarajia kufanya onyesho la sauti moja na piano, bila kwaya na bila kipaza sauti. Nitaimba kazi ya kisasa ambayo mtunzi Mrusi Dmitri Shostakovich aliitunga mwaka 1974 kwa mashairi ya Michelangelo Buonarroti, yule mchongaji na mchoraji wa Italia. Ina nyimbo 11, huchukua kama dakika 40, na ilikusudiwa sauti ya besi tangu mwanzo. Kinachoninyima usingizi ni kwamba inaimbwa kwa Kirusi, nami sijui kama niwagawie wasikilizaji tafsiri ya Kiswahili au niwaache wausikilize muziki peke yake. Naomba mnishauri.

Mwalimu wa Kwaya: Ndugu yangu, tafsiri si tatizo, tatizo ni dakika 40 za besi mtupu. Tulipokuwa Moshi tulimpa besi wetu shairi la kuimba peke yake katika misa ya Krismasi, akashusha doh, yaani noti ya msingi, bila kumwambia mpiga kinanda, na mpaka leo wazee wa parokia wanamwita Ngurumo. Changanya na mwimbaji wa tena, yaani sauti ya tatu, au walau na mapambio mawili, watu wapumue.

Mzee wa Kirumba: Umeiita kazi ya kisasa? Mtunzi alifariki Agosti 1975. Kisasa hicho kina wajukuu.

Dada Nota: Katika maonyesho ya aina hii ni kawaida kabisa kugawa tafsiri, kwa hiyo nashangaa swali lenyewe limekuogopesha kiasi hicho. Ni wimbo gani ambao hutaki watu wauelewe, na onyesho linafanyika wapi?

Besi wa Ziwani: Mahali si tatizo, dada. Piano ipo, ni ile ya kusimama iliyoachwa na wamisionari, na nimeipatia fundi.

Dada Nota: Sikuuliza habari za piano.

Besi wa Ziwani: Basi nieleze. Onyesho litafanyika ndani ya kanisa la parokia yetu, kwa kuwa hakuna mahali pengine ninapopafahamu penye mwangwi mzuri na piano ya kweli. Wimbo wa tano unaitwa "Hasira", na shairi lake linasema kwamba huko Roma vikombe vya misa vinafuliwa kuwa panga na kofia za vita, na damu ya Kristo inauzwa kama bidhaa. Paroko nilimwambia kwamba ni mashairi ya mtu aliyechora dari ya Kanisa Dogo la Sistina, jambo ambalo ni kweli, naye akafurahi. Katika karatasi iliyoko kwa mchapaji, mahali pa wimbo huo nimeandika tu "shairi la huzuni juu ya mji". Sioni kosa hapo, maana sijasema uongo wowote, na tiketi zimekwisha kuanza kuuzwa.

Katekista Mstaafu: Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta mashahidi wa utetezi. Ipo barua ya Vatikani ya mwaka 1987 kuhusu maonyesho ya muziki makanisani: maombi hupelekwa mapema kwa maandishi, yakiwa na orodha ya kazi na watunzi, waimbaji wasikae patakatifu, Ekaristi, ikiwezekana, ihamishiwe kikanisa cha pembeni, na kiingilio kiwe bure kwa watu wote. Wewe umeuza tiketi, mwanangu, na unataka kuimba kwamba wengine ndio wanaofanya biashara kanisani.

Mwenye Shaka: Nyote mmeingizwa mkenge. Mashairi ya Mwitaliano yaimbwe kwa Kirusi, tena Mrusi wa enzi za Usovieti atunge wimbo juu ya damu ya Kristo? Na watu wa Mwanza wanunue tiketi za kusikiliza hayo? Hadithi hii imetungwa ili tugombane kuhusu kanisa.

Mzee wa Kirumba: Hata mimi nilijiuliza, ila nilitaka kwanza kujua mwisho wake.

Dada Nota: Kazi ni ya kweli. Shostakovich alitumia tafsiri ya Kirusi ya Abram Efros, na waliotangulia kuiimba hadharani ni Evgeny Nesterenko, besi, pamoja na mpiga piano Evgeny Shenderovich, Leningrad, Desemba 1974. Tena si wimbo wa tano tu wenye moto: shairi la kwanza, "Ukweli", huaminiwa kuwa ni lalamiko kwa Papa Julio wa Pili mwenyewe. Kama mleta uzi naye ni wa kweli, na atuambie piano inafanya nini katika wimbo wa nane.

Besi wa Ziwani: Inagonga kama nyundo ya mchongaji juu ya jiwe, na mpiga piano wangu analalamika mikono. Wimbo wa mwisho, "Kutokufa", unaanza kwa kijiwimbo chepesi cha juu kabisa kama cha mtoto anayecheza, na hapo ndipo ninapotaka wasikilizaji wafike. Nikiuondoa wa tano, huo wa mwisho hautakuwa na uzito wowote.

Mwenye Shaka: Hayo hata aliyesikiliza rekodi anaweza kuyasema.

Mwalimu wa Kwaya: Mimi bado nasema apate mwimbaji mmoja wa tena.

Besi wa Ziwani: Fedha za tiketi sitazirudisha, nitaziita mchango.

Katekista Mstaafu: Mchango uliochapishwa bei ni kiingilio.

Dada Nota: Mpelekee paroko tafsiri nzima, ya kwanza na ya tano zikiwemo, kabla mchapaji hajamaliza. Anaweza kukubali, shairi linashutumu biashara, halishutumu imani. Akikataa, utafute ukumbi, na huko tiketi zako zitakuwa halali.

Besi wa Ziwani: Mchapaji amesema karatasi zitakuwa tayari Ijumaa. Kuna mtu anayefahamu ukumbi wowote hapa Mwanza wenye piano, si kinanda cha umeme?

Mwenye Shaka: Kwanza weka hapa picha ya tiketi moja.