Horni inayotetemeka katika Simfonia ya Tano ya Tchaikovsky: je, ni sahani mbovu au ndivyo walivyopiga?

Binti wa Tanga aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Marehemu baba yangu alisomea uhandisi Leningrad (mji wa Urusi ambao leo huitwa Saint Petersburg) katika miaka ya 1970, na aliporudi nyumbani alikuja na sanduku la sahani za santuri ambalo sisi watoto tulikatazwa hata kulisogelea. Mwaka huu nimepata mashine ya kuzipigia, nikaanza na Simfonia ya Tano ya Tchaikovsky, mtunzi Mrusi, iliyopigwa na Okestra ya Filamoniki ya Leningrad chini ya uongozi wa Yevgeny Mravinsky.

Sehemu ya pili inafunguliwa na nyuzi za sauti nene zinazokwenda taratibu, kisha horni, ala ya shaba ya kupuliza, inaingia peke yake na wimbo mrefu. Hapo ndipo nilipokwama. Sauti ya horni ile inatetemeka mwanzo hadi mwisho, mfano wa mtu anayeimba huku amezuia kilio. Nimesikiliza kipande hicho hicho katika rekodi mpya za okestra za Ulaya Magharibi, na humo horni imenyooka, haina mtikisiko wowote.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, sahani imeharibika, mashine yangu haizunguki sawasawa, au ndivyo walivyopiga wenyewe? Pili, nikiacha mapenzi yangu kwa baba, kuna sababu gani ya kusikiliza rekodi kongwe za muziki wa Kirusi, zenye mikwaruzo na sauti iliyobanwa, wakati zipo mpya zilizo safi?

Fundi Santuri alijibu:

Dada, Mungu amrehemu mzee. Swali lako la kwanza lina jibu unaloweza kulihakiki mwenyewe leo jioni.

Sahani kubwa ya aina hiyo huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Tundu la katikati likiwa limetobolewa pembeni kidogo, sauti hupanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko, polepole, kama mtu anayepumua. Tena ugonjwa huo hauchagui: utausikia kwenye fidla, kwenye filimbi na kwenye kila ala inayoshikilia noti ndefu. Utauona hata kwa macho, kwa sababu mkono wenye sindano utakuwa ukiyumba kushoto na kulia huku sahani ikizunguka. Mtetemo wa mpigaji ni wa haraka zaidi, mara tano au sita kwa sekunde, na unakuwa kwenye ala yake peke yake. Basi rudia mwanzo wa sehemu ile, usiitazame horni kwanza, bali sikiliza nyuzi zinazoitangulia. Zikiwa zimetulia, sahani yako ni nzima.

Kuhusu usafi, tumia maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi, na kitambaa laini, ukifuata mduara wa mifereji. Ukikuta sandukuni sahani nzito za zamani zaidi, zile za mizunguko 78, usizipake spiriti kamwe, kwa maana zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka kwenye spiriti. Nazo zinahitaji sindano nene. Sindano yako ya kawaida itazama chini ya mfereji na kukusomea uchafu mtupu.

Msikilizaji Mkongwe alijibu:

Mwanangu, nina imani jaribio la Fundi litakuonyesha kwamba ndivyo walivyopiga. Wapigaji wa horni wa Kisovieti walifundishwa kuifanya ala iimbe, na mwimbaji hashikilii noti ndefu bila kuitikisa. Hawakuwa peke yao katika hili, kwani Wafaransa nao walipiga horni kwa mtetemo kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba tangu wakati huo okestra za dunia zimezidi kufanana, hata leo ni vigumu kufumba macho na kusema hii ni ya Moscow, hii ni ya Paris, hii ni ya Chicago. Katika sahani za baba yako kuna lafudhi. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la pili, na naomba ulipe uzito, kwa kuwa rekodi mpya, hata iwe safi namna gani, haiwezi kukurudishia lafudhi hiyo ikiwa wapigaji wenyewe hawanayo tena.

Mravinsky aliiongoza okestra ile tangu 1938 hadi alipofariki mwaka 1988, yaani miaka 50 na okestra ileile. Aliwapanga fidla za kwanza kushoto na fidla za pili kulia, wakitazamana, jambo ambalo wengi wa wakati wake walikuwa wameliacha. Faida yake utaisikia katika Simfonia ya Sita, mwanzo wa sehemu ya mwisho. Wimbo unaousikia pale haupigwi na kundi lolote peke yake: Tchaikovsky aliugawa noti kwa noti, moja kwa fidla za kwanza, inayofuata kwa fidla za pili, na sikio ndilo linalouunganisha. Makundi yakikaa upande mmoja, huwezi kujua. Yakikaa kama alivyoyakalisha Mravinsky, wimbo unavuka ukumbi kila noti.

Kwa hiyo nakushauri uanze na Simfonia za Nne, Tano na Sita alizorekodi mwaka 1960 kwa ajili ya Deutsche Grammophon, kampuni ya rekodi ya Ujerumani, ile ya Nne ikirekodiwa London, na mbili za mwisho Vienna. Ni rekodi za stereo, yaani sauti imegawanywa kushoto na kulia, hazijabanwa. Wapo wanaozipenda zaidi zile za mono (sauti yote katika njia moja) za mwaka 1956, ambamo Mravinsky aliongoza ya Tano na ya Sita na Kurt Sanderling akaongoza ya Nne, lakini mgawanyo wa fidla niliokueleza hauwezi kusikika vizuri kwa mono. Unapofika mwisho wa sehemu ya tatu ya Simfonia ya Sita, zingatia kwamba Mravinsky haongezi chumvi. Mwendo haupungui, haupambwi, na kwa sababu hiyo kilio cha sehemu ya mwisho inayofuata kinakukuta hujajiandaa. Tchaikovsky mwenyewe aliiongoza simfonia hii kwa mara ya kwanza Oktoba 1893 katika ukumbi uleule ambao baadaye ulikuwa makao ya okestra ya Mravinsky, akafariki siku tisa baada ya hapo.

Mpenda Bahari alijibu:

Kwa heshima zote kwa mzee wetu, naona si haki kumfanya binti aamini kwamba muziki wa Kirusi wa zamani ni ule uliopigwa na Warusi tu. Yeyote aliyekulia kwenye hadithi za Alfu Lela Ulela anapaswa kusikiliza Scheherazade, muziki wa hadithi hizo uliotungwa na Mrusi Rimsky-Korsakov mwaka 1888, jinsi ilivyopigwa Chicago chini ya Fritz Reiner mnamo Februari 1960. Mwanzo kabisa Sultani ananguruma kwa ala nzito za shaba, kisha kunakuwa kimya, kisha fidla moja inapanda juu ikisindikizwa na kinubi, naye ni msimulizi anayeokoa maisha yake kwa maneno. Sidney Harth anaipiga fidla hiyo bila kuharakisha, kana kwamba anatafuta neno lifuatalo la hadithi. Rimsky-Korsakov alikuwa ofisa wa jeshi la majini na alisafiri baharini miaka kadhaa, na chini ya Reiner unasikia wimbi likijikusanya kabla ya kupasuka, si kelele za maji tu.

Nakubali kwamba Chicago hakuna lafudhi ya Leningrad. Lakini kuna uwazi unaokuwezesha kusikia kila ala imekaa wapi, na mtunzi aliyekuwa bingwa wa kupanga ala anastahili kusikiwa hivyo.

Msikilizaji Mkongwe alijibu:

Ndugu yangu, hoja yako naipokea, na rekodi ile ninayo. Ila mfikirie Kirill Kondrashin, aliyeihama Urusi mwaka 1978 akabaki Uholanzi, na mwaka uliofuata akairekodi Scheherazade hiyohiyo na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam. Mwongozaji ni Mrusi, wapigaji ni Waholanzi. Humo utasikia pumzi ndefu za Kirusi katika ala zilizo safi kama za Reiner, nami ninapolazimika kuchagua moja, huchagua hiyo. Binti naye asisahau kwamba Rachmaninoff, mtunzi Mrusi, mwenyewe aliongoza utunzi wake Kisiwa cha Wafu huko Philadelphia mwaka 1929. Sauti ni nyembamba na alikata baadhi ya kurasa, lakini mdundo wa mapigo matano, unaoiga makasia ya mashua, anausukuma mbele kuliko mwongozaji yeyote niliyemsikia, na hakuna anayeweza kubishana na mtunzi.

Binti wa Tanga alijibu:

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nimefanya jaribio. Nyuzi zimetulia kabisa, mkono wa sindano hauyumbi, na horni inapoingia inatetemeka yenyewe. Nimelirudia mara nne, na mara ya nne sikutamani tena inyooke. Ile rekodi mpya niliyokuwa nikilinganisha nayo sasa naisikia kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Ila nimegundua jambo jingine. Sandukuni imo Scheherazade, sahani ya Melodiya, kampuni ya rekodi ya Kisovieti, na hiyo inayumba kweli, kila kitu kinapanda na kushuka pamoja, fidla ya msimulizi ndiyo inayoumia zaidi. Je, inatibika?

Fundi Santuri alijibu:

Inatibika, dada. Chukua tupa nyembamba ya mviringo, upanue tundu kidogo sana, nusu milimita inatosha, upande ambao mkono unaonyesha. Kabla ya kuanza, funika mifereji yote kwa karatasi, maana unga wa plastiki ukiingia humo hautoki kirahisi. Kisha weka sahani, izungushe, tazama mkono, na uisogeze kwa kidole mpaka mkono utulie. Utalazimika kuisogeza hivyo kila unapoipiga, kwani tundu limekuwa pana. Jizoeze kuisogeza kwanza kwa upande wa pili wa sahani, siyo ule wenye mwanzo wa fidla, mpaka mkono wako uzoee.