Bibi alitusomesha kwa waragi (pombe kali ya kienyeji), kwenye historia yake tuitaje ama tuiache?

MjukuuWaWalukuba

Habari zenu wazee na ndugu zangu. Bibi yetu mzaa mama alitutoka mwaka jana, mwezi ujao familia tunakutana Jinja, hapa Uganda, kwa misa ya kumbukumbu na mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika maisha yake, yasomwe kanisani halafu yachapwe kwenye kijitabu watu wabaki nacho. Nimekwama sehemu mbili.

Ya kwanza mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho cha taifa kinasema 1940 lakini ile 2014 wakati wa kuandikisha watu yule kijana alikisia tu kwa kumwangalia, na mama mkubwa anasema bibi ni wa kabla ya hapo. Alizaliwa upande wa Tororo, akaolewa akaletwa Walukuba, mtaa wa Jinja.

Ya pili ndo nzito. Babu alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vyuma la Mhindi pale Jinja mjini, sasa 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka duka likafungwa na babu hakupata tena kazi ya maana, na nyumba imejaa watoto. Bibi akaanza kupika waragi. Muhogo ananunua, kimera cha wimbi anaanika mwenyewe, pipa liko nyuma ya nyumba. Wateja walimwamini kwa sababu hakuuza iliyochanganywa maji, anamimina kidogo kwenye kifuniko, anawasha kiberiti, mpaka moto uwake wa bluu ndo anaanza kupima. Hiyo nimeiona kwa macho yangu nikiwa mdogo. Na yeye mwenyewe haonji hata tone, Jumapili yuko na gauni lake la gomesi benchi la mbele.

Hiyo waragi ndo ilimfanya mjomba mkubwa akawa mwalimu, mama akawa nesi. Enzi hizo hakuna UPE, elimu ya msingi ya bure, hiyo imekuja 1997, ada za shule zinalipwa tangu darasa la kwanza. Na hakulipia wa kwake peke yao, jirani akifariki watoto wanahamia kwetu wanalala kwenye mkeka mmoja na sisi, mpaka leo kuna watu wazima wanamwita mama na sijui ukoo wao ni upi.

Sasa wajomba wanataka niandike "alikuwa mfanyabiashara" basi, wanasema kanisani padri atatuonaje. Mama naye analia, anasema mkificha hiyo mmemficha yeye mwenyewe. Nishaurini jamani.

Mzee wa Relwe

Pole sana mjukuu wangu, Mungu amlaze pema.

Kwa mwaka achana na kitambulisho. Nenda parokia alikobatizwa, Wakatoliki wanatunza vitabu vya ubatizo, utakuta jina la baba, la mama, msimamizi, na mara nyingi hata ndoa imeandikwa pembeni. Ukikosa, tafuta bibi wa rika lake mmoja aliyebaki, ila usimuulize mwaka, muulize mambo. Bwawa la Owen Falls linafunguliwa alikuwa ameshaolewa ama bado msichana? Hiyo ni 1954, Malkia Elizabeth alikuja mwenyewe Jinja, watu wa rika hilo hawaisahau. Siku ya Uhuru 1962 alikuwa na mtoto gani mgongoni? Huyo mtoto ana cheti, unahesabu kurudi nyuma. Ukishindwa kabisa andika "alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930", itatosha.

Hiyo ya waragi, wajomba zako walikuwa watoto, sisi tulikuwa watu wazima. Sukari ya kutafuta, sabuni ya foleni, mshahara ukiupata haununui kitu. Na kupika haikuwa kazi ya salama, sheria ya enguli, yaani hiyo waragi ya kienyeji, ilikuwepo tangu 1965, bila leseni askari wakija wanamwaga yote na wewe unaenda ndani. Mama aliyekubali hiyo hatari kila wiki ili mtoto akae darasani, leo mnamwita mfanyabiashara tu? Mimi sikubali.

Nyabo Neema

Poleni na msiba. Mimi naomba nisimame na wajomba kidogo, msinikasirikie. Kaka yangu alimalizwa na waragi, alianza nayo akiwa kijana na tukamzika akiwa hajafika 40. Mkisimama kanisani mkaisifu, kuna mama hapo ndani atasikia vingine kabisa. Simhukumu bibi, najua njaa ya watoto inavyosukuma mtu, naomba tu mjue nani amekaa kwenye hayo mabenchi.

BintiBombo

Pole dada Neema, nimekuelewa kabisa, na mimi ni Mwislamu hiyo kitu kwetu haramu moja kwa moja. Lakini nadhani mjukuu asifu jasho la bibi, chupa haina haja ya sifa.

Sisi haboba wetu, yaani bibi, 1979 Amin alipopinduliwa alikimbia na watoto mpaka Sudan, kule akaishi kwa kusuka na kuuza, alivyorudi kwetu Bombo akaanza upya hana hata sufuria. Tulipomfanyia dua ya arobaini shehe akasema maneno mazuri, mcha Mungu, mkarimu, mvumilivu, yote kweli, lakini ukimbadilishia jina unaweza kumsomea bibi yeyote wa Uganda. Watu walilia pale jirani mmoja alipoinuka akasema haboba alikuwa anamtumia chakula kwenye sahani yenye kifuniko ili watoto wengine wasijue kwao hakujapikwa. Sisi wa nyumbani hatukuwa tunajua hiyo!

Kwa hiyo usiandike peke yako. Hao watu wazima waliolala kwenye mkeka wenu wapigie, kila mmoja akwambie kitu kimoja tu. Na mama mkubwa mrekodi kwa simu leo hii, usingoje misa. Usimwambie "nisimulie maisha ya bibi", atakwambia alikuwa mtu mzuri basi. Muulize bibi aliamka saa ngapi, hela alikuwa anaficha wapi, nani alikuwa hapatani naye, askari wakija pipa lilikuwa linaenda wapi.

MjukuuWaWalukuba

Asanteni sana sana. Nimempigia mama mkubwa jana usiku, tumeongea mpaka airtime ikaisha.

Pipa lilikuwa linaviringishwa mpaka shamba la mihogo la jirani, na huyo jirani ndo alikuwa mwenye kwaya ya parokia! Hela hakuziweka, kila akipata ananunua mabati, moja moja, anayapanga chini ya kitanda, ndo maana 1987 serikali ilipokata sifuri mbili kwenye shilingi na kuchukua asilimia 30 ya hela za watu juu yake, wengine walilia yeye akaezeka nyumba.

Dada Neema, hii nakuandikia wewe. Alikuwa na daftari la wateja. Mke wa mtu akija kulalamika kwamba nyumbani hawajala, bibi anachukua kalamu anakata jina la huyo mwanaume, na hamuuzii tena hata aje na pesa taslimu. Mama mkubwa anasema wengine walimtukana njiani kwa sababu hiyo. Daftari lenyewe lipo, liko kwa mjomba mkubwa, na mimi sikuwahi kusikia habari zake.

Nimeandika waragi kwa jina lake, na hayo majina yaliyokatwa nimeyaweka hapo hapo. Nimewatumia wajomba. Mkubwa amejibu "soma wewe, mimi sitaweza bila kulia". Mdogo bado kimya. Jumamosi naenda Tororo kutafuta hicho kitabu cha ubatizo.

Nyabo Neema

Haya mwanangu. Hiyo ya daftari isome kanisani, tena polepole. Misa ni tarehe ngapi, nipo Iganga naweza kufika.